Muunganisho wa Ndani au Programu ya Kati? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kabla Hujalipia

Swali linalorudi kila mara ni hili: nina programu ya mauzo, nina programu ya uhasibu, nataka zisomane, je nitumie kile kitufe cha kuunganisha kilichomo humohumo ndani au nichukue Zapier, Make, n8n na wenzao? Na wengi wanaouliza wanakuwa wameshawasha kitu tayari, wateja wamejirudia mara mbilimbili, mhasibu anaona invoisi asizozielewa na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Hapa chini ni kazi tu. Ukienda nayo kwa mpangilio jibu litajitokeza lenyewe, huhitaji kumuuliza mtu ipi ni bora, kwa sababu hamna iliyo bora, kuna inayopitisha data yako na isiyopitisha.

Tuelewane tu kwamba nikisema muunganisho wa ndani namaanisha ule unaoukuta kwenye setingi za programu yako, unabonyeza, unaingia akaunti ya upande wa pili, kwisha. Programu ya kati, ndo hizo Zapier, Make na n8n, ni ya tatu, inakaa katikati, inachukua huku inapeleka kule, na wewe ndo unapanga inachukua nini na lini.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Spredishiti tupu. Karatasi na kalamu pia sawa.
- Akaunti ya admini pande zote mbili. Muunganisho unaona kile tu anachoona mtu aliyeuunganisha, kwa hiyo ukiunganisha kwa akaunti ya mfanyakazi asiyeruhusiwa kuona kodi, kodi haitapita na hamna ujumbe wowote utakaokwambia kwa nini.
- Imeili ya ofisi ambayo sio ya mtu mmoja. Kila kitu kiunganishwe kwa hiyo, sababu utaiona mbele.
- Akaunti ya majaribio kama programu yako inatoa, kama haitoi basi mteja wa uongo na bidhaa ya uongo.
- Idadi ya oda zako kwa mwezi wa kawaida, na kwa mwezi wa pilikapilika.
- Yule mtu anayeingiza hizo data kwa mkono sasa hivi. Huyu ndo wa muhimu kuliko vyote hapo juu, na ndo anayesahaulika.

## Hatua ya 1: Andika kinachohama, usitaje jina la programu yoyote

Fungua spredishiti, weka safu hizi: tukio, kinatoka wapi, kinaenda wapi, fildi zipi (yaani vipande vya taarifa kama jina, simu au kiasi), kwa haraka gani, na nini kitokee kikibadilika baadaye.

Mstari mmoja ukijazwa vizuri unakaa hivi: "Oda imelipwa. Kutoka mauzo kwenda uhasibu. Itengenezwe invoisi yenye namba ya oda, jina, simu, bidhaa, kiasi, punguzo na kodi. Ndani ya saa moja. Hela ikirudishwa yote au nusu, itoke krediti noti (hati ya kupunguza deni la invoisi) inayotaja namba ileile ya oda."

Ukiandika "kusinki wateja" hujaandika kitu. Hilo neno linaficha maswali matatu ambayo lazima uyajibu wewe mwenyewe: data inaenda upande mmoja au pande zote, pande mbili zikitofautiana nani anashinda, na kikifutwa huku kule inakuwaje.

Sasa kaa na yule anayeingiza kwa mkono, mwambie aingize oda tatu nne ukiwa umemkalia pembeni. Utashangaa. Atakwambia "aa, huyu ni kampuni kwa hiyo naweka jina la kampuni sio la aliyeoda", "hii ya usafiri naitoa naiweka mstari wake", "huyu tunamtumia invoisi mwisho wa mwezi sio sasa". Hizo ni sheria za biashara yako na hazijaandikwa popote, zipo kichwani mwake tu, na ndo zitakazoamua kama kitufe cha ndani kinakufaa au hakikufai.

Umefanikiwa kama: mtu asiyejua programu zako anaweza kusoma mstari mmoja na kuifanya hiyo kazi kwa mkono bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Kila fildi iwe na bwana mmoja

Pembeni ya kila fildi andika programu ipi ndo yenye neno la mwisho. Simu ya mteja bwana wake mauzo, namba ya kodi bwana wake uhasibu, idadi ya mzigo bwana wake programu ya stoo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na fildi moja ikiandikwa na programu mbili utakuja kuona simu mpya ya mteja imerudi kuwa ya zamani na hamna aliyeigusa.

Kuna balaa lingine hapa la mzunguko: A inabadilisha B, B inaona kuna mabadiliko inairudishia A, A nayo inaona kuna mabadiliko, na zinaendelea kurushiana usiku kucha huku mita ya matumizi inakimbia. Kwa hiyo anza na upande mmoja. Pande mbili iwe ni kitu ambacho biashara imekulazimisha, sio kwa sababu umeona kuna tiki ya kuwasha.

## Hatua ya 3: Jua nani kautengeneza huo muunganisho wa ndani

Watu wengi wanaruka hii. Kwenye duka la programu unaona nembo mbili zimewekwa pamoja unadhani wenye programu wamekaa wakatengeneza, kumbe kuna aina tatu.

Ya kwanza, imetengenezwa na kampuni ya programu yako. Ya pili, imetengenezwa na kampuni ya upande wa pili. Ya tatu, imetengenezwa na mtu baki kabisa anayeuza plagini (kiprogramu cha kuchomeka kwenye programu nyingine), na hii kiukweli ni programu ya kati iliyovaa nguo za muunganisho wa ndani: data inapita kwenye seva zake, ina bili yake, na ikiharibika huduma kwa wateja ya programu yako watakwambia sio yao. Angalia jina la mchapishaji, lipo palepale chini ya jina la plagini.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu muunganisho unaishi kwa mapatano ya kampuni mbili ambazo wewe humo. Machi 2019 Mailchimp (ya kutuma imeili za matangazo) na Shopify (ya maduka ya mtandaoni) walikorofishana mambo ya data na masharti, muunganisho ukaondolewa, na wenye maduka ikabidi watafute njia za pembeni ikiwemo hizohizo programu za kati. Walikuja kurudiana 2021, lakini biashara haisimami miaka miwili ikisubiri watu wapatane.

Ukishajua nani katengeneza, tafuta ukurasa wa msaada, sio ukurasa wa matangazo. Unatafuta vitu vitatu: orodha ya fildi zinazopita, inapita kila baada ya muda gani, na sehemu ya mapungufu. Linganisha na mistari yako, weka tiki, alama ya kukosa, au alama ya kuuliza. Ukurasa usio na orodha ya fildi mimi nauhesabu kama alama ya kuuliza kwenye kila mstari.

Tahadhari: angalia pia huo muunganisho upo kwenye kifurushi unacholipia. Mara nyingi upo, ila kifurushi cha juu.

## Hatua ya 4: Rekodi moja, tangu kuzaliwa mpaka kufa

Hapa ndo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Washa muunganisho wa ndani kwenye akaunti ya majaribio afu tengeneza oda moja ya kusumbua makusudi. Oda nyepesi hupita kila mahali, haikufundishi kitu.

Oda ya kusumbua iwe hivi: mteja anaitwa Mng'aro Jaribio (hiyo alama ya ng' huwa inageuka herufi za ajabu kwenye baadhi ya mifumo, na bora uione leo), simu inaanza na alama ya kujumlisha na namba ya utambulisho wa nchi, bidhaa mbili tofauti, moja ina punguzo, moja ina kodi na nyingine haina, na kuna gharama ya usafiri.

Ikishapita fungua upande wa pili, usiangalie tu kama imefika. Angalia haya:

Simu. Ikipitia spredishiti popote njiani, sifuri ya mwanzo inaliwa au namba inageuka kuwa hesabu ya sayansi, kitu kama 2.55E+11. Fildi ya simu iwe maandishi siku zote.

Kiasi. Programu zingine zinatunza hela kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Stripe kwa mfano, ile ya kupokea malipo mtandaoni, 1000 kwenye dola ni dola 10.00, lakini 1000 kwenye yeni ya Japani ni yeni 1000 kamili kwa sababu yeni haina senti. Muunganisho wa ndani mzuri unajua hilo. Kwenye programu ya kati utagawa kwa 100 mwenyewe, na ukigawa hata pale pasipotakiwa, utakuwa umetoa invoisi ya asilimia moja ya deni.

Tarehe. 03/04 ni Machi au Aprili? Halafu kuna saa: mifumo mingi inatunza muda kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo kama saa zenu zipo mbele ya UTC, oda iliyoingia dakika chache baada ya saa sita usiku tarehe 1 inaweza kuandikwa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Mauzo ya mwezi hayatalingana na utatafuta kosa kwenye hela wakati kosa lipo kwenye saa. Jaribu na oda ya usiku wa manane.

Punguzo na kodi. Kila kimoja kimekaa mstari wake, au vyote vimebananishwa kwenye jumla? Mhasibu ndo atasema kama anakubali.

Sasa endelea na maisha ya hiyo rekodi. Badilisha simu ya mteja, subiri, angalia. Rudisha hela ya bidhaa moja tu, sio oda nzima, angalia. Futa oda, angalia. Nakuhakikishia sehemu kubwa ya miunganisho ya ndani inapita mtihani wa kuzaliwa na inafeli mtihani wa hela kurudishwa nusu, na hapo ndo mhasibu wako anaumia kila mwisho wa mwezi bila kelele.

Umefanikiwa kama: kila mstari wa hatua ya 1 sasa una tiki au alama ya kukosa, hamna tena alama ya kuuliza.

## Hatua ya 5: Toa uamuzi

Mistari yote ina tiki: chukua muunganisho wa ndani na ufunge mjadala. Usitafute programu ya kati kwa sababu umeona video inavutia, kila kitu unachoongeza katikati ni kitu kingine cha kuharibika usiku.

Mistari michache imekosa: muunganisho wa ndani ubebe ilioweza, programu ya kati ibebe iliyokosa peke yake. Sharti ni lile la hatua ya 2, visiandike fildi moja.

Mistari mingi imekosa, au una programu nne tano zinazohusika, au kuna sheria za "kama hivi basi vile" kama zile za mtu wako wa mkono: programu ya kati ibebe kazi nzima, na kile cha ndani ukizime kabisa, sio ukiache kinawaka "kwa usalama". Hicho kilichoachwa kinawaka ndo kinazaa wateja mapacha.

Tukio linatokea mara nne kwa mwezi: fanya kwa mkono, au shusha faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) upakie upande wa pili. Sio utani. Watu wanajenga mtambo wa kutunza mwaka mzima kwa kazi ya nusu saa.

Na kama data ni nyingi mno au sheria zimekuwa ndefu mpaka mchoro wako wa kwenye programu ya kati haueleweki tena ukiuangalia, hapo tafuta mtu wa kuandika programu moja kwa moja kwenye API (mlango ambao programu moja inautumia kuongea na nyingine), umeshatoka kwenye eneo la hizi mbili.

## Hatua ya 6: Piga hesabu kwa mtindo wa anayekuuzia

Kama hatua ya 5 imekutoa na muunganisho wa ndani, ruka mpaka ya 8. Waliobaki, ujue hizi programu za kati hazihesabu kwa namna moja na ndo maana bei za kwenye matangazo hazilinganishiki.

Chukua oda 1,500 kwa mwezi. Kila oda inaanzisha mtiririko, yaani mfululizo wa kazi ulioupanga kwenye programu ya kati, wenye vitendo vinne: mtafute mteja, msasishe, tengeneza invoisi, tuma taarifa.

Zapier inahesabu vitendo vilivyofanikiwa, kile cha kuanzisha hakihesabiwi, kwa hiyo 1,500 mara 4, taski 6,000. Make inahesabu kila moduli (kila hatua ya mtiririko) inayokimbia pamoja na ile ya kuanzisha, kwa hiyo mara 5, unafika 7,500. n8n ya klaudi inahesabu mtiririko mzima kama mmoja, kwa hiyo 1,500. Hizo namba sio bei, ni vipimo tofauti, sasa ndo uchukue kila kipimo ukazidishe na bei yake. Rudia kwa mwezi wa pilikapilika, maana ukomo ukifika katikati ya mwezi wa mauzo makubwa ndo mtiririko unasimama au bili inapaa.

Kitu kingine ni namna inavyogundua tukio jipya. Kuna inayosubiri kuitwa, yaani programu yako inairushia taarifa palepale kwa webhuku, na kuna inayokwenda kuchungulia kila baada ya muda. Kifurushi cha bure cha Zapier kinachungulia kila dakika 15. Kwa invoisi sawa, kwa stoo inayouza kipande cha mwisho hapana. Tena kwenye Make kule kuchungulia kwenyewe kunahesabiwa hata kama hakujakuta kitu.

## Hatua ya 7: Jenga, na ujenge ukitegemea itaharibika

Kwanza, tafuta kabla ya kutengeneza. Mtiririko usianze kutengeneza mteja, uanze kumtafuta kwa namba yake ya upande wa kwanza, akikosekana ndo atengenezwe. Usitafute kwa jina, majina yanafanana. Weka fildi maalumu upande wa pili yenye namba ya oda ya upande wa kwanza, hiyo ndo kamba inayofunga rekodi mbili.

Hii sio urembo. Stripe ikituma webhuku ikakosa jibu zuri inarudia kutuma kwa muda wa hadi siku 3, kwa hiyo tukio moja linaweza kukufikia mara mbili na mtiririko usioangalia nyuma utatoa invoisi mbili kwa oda moja.

Pili, zijue hitilafu tatu utakazokutana nazo. 401 maana yake ruhusa imekufa, mara nyingi kwa sababu aliyeunganisha kabadilisha paswedi au kaacha kazi, na ndo maana nilisema imeili ya ofisi. 429 maana yake unabisha hodi kwa kasi sana, mfano Airtable, ile ya kutunza data kwa majedwali, inaruhusu maombi 5 kwa sekunde kwa kila besi (hifadhi moja ya majedwali), ukipakia rekodi elfu kwa mpigo lazima uweke kituo cha kusubiri. 500 na kuendelea ni shida ya upande wa pili, subiri urudie. Ya kwanza hairekebishiki kwa kurudia, hizo mbili zinarekebishika, usiziweke kapu moja.

Tatu, taarifa ya hitilafu iende kwenye imeili au kundi ambalo mtu analiangalia kweli.

Ukichagua n8n ya kuweka kwenye seva yako mwenyewe, bili ya matumizi inapungua lakini apdeti, bakapu na usalama vyote ni vyako. Na funguo ya usimbaji iwekee bakapu sehemu tofauti na seva, ukiipoteza zile ruhusa zote ulizohifadhi hazifunguki tena, unaunganisha upya moja moja.

Kumbuka pia programu ya kati inaona majina, simu na hela za wateja wako na inatunza historia ya kila kilichopita. Pitisha fildi zilizopo kwenye spredishiti yako tu, na angalia historia inakaa siku ngapi.

## Hatua ya 8: Washa kwa rekodi mpya tu, afu hesabu

Usipakie data za zamani siku ya kwanza. Washa kwa oda zinazoingia kuanzia leo, na yule mtu wa mkono aendelee kukagua mpaka mfunge hesabu za mwezi mmoja kamili, maana mambo mengi ya ajabu yanatokea mwisho wa mwezi: krediti noti, invoisi za pamoja, marekebisho.

Kila wiki linganisha vitu viwili kati ya pande zote: idadi ya oda na jumla ya hela. Idadi ikilingana na hela isilingane, angalia punguzo, kodi, au hela zilizorudishwa. Hela ikipungua sawasawa na oda moja, nenda kwenye logi za hitilafu. Idadi ikizidi upande wa pili, kuna kinachotengeneza mara mbili, kizime kwanza ndo uanze kuchunguza.

Andika ukurasa mmoja: nini kimeunganishwa na nini, kwa akaunti ipi, nani anahusika, na kuzima ni wapi. Hicho cha kuzima kiwe juu kabisa.

Umefanikiwa kama: mwezi umefungwa, namba mbili zimelingana, au zimetofautiana na unaweza kuonyesha kwa kidole ni oda zipi na kwa nini.

Spredishiti ya hatua ya 1 itunze, itakufaa siku programu yako ikitangaza kwamba muunganisho wa ndani sasa unapitisha kile ilichokuwa inashindwa. Hapo unarudia hatua ya 4 kwa huo mstari mmoja, na ukipita unazima mtiririko wa kati kwanza, unasubiri uhakikishe hamna kilichobaki njiani, ndo unawasha wa ndani. Usiwashe kabla ya kuzima, hata kwa dakika tano za kujaribu tu.